Kamba Yenye Mafundo Manne

Nilimwahidi Mpishi kwamba sitakwenda Takaungu. Aliniomba hivyo mara moja tu, tukiwa tumesimama uani kwake, Shella ya Malindi, nami nikamjibu kwa kauli iliyo wazi. Ahadi hiyo nimeitunza hadi leo. Kabla yake nilikuwa nimempa ahadi nyingine, nayo niliivunja. Na kwa kuwa niliivunja ile, hii ya pili nimeishika kwa mikono miwili.

Sitasimulia alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Wenyeji wa Shella wanayajua hayo kuliko mimi. Mimi nilikuwa mpangaji wake kwa miaka minne, mwanzoni mwa muongo huu wa themanini, nilipotoka chuo cha ufundi Mombasa na kuajiriwa kuchora ramani za majengo katika ofisi moja ya mji. Chumba changu kilikuwa cha mbele, kinachotazama kichochoro. Yeye alilala cha ndani. Vyumba viwili vya katikati vilikuwa vimefungwa, na kila Ijumaa asubuhi alivifungua, akavifagia, akavifunga tena. Katika miaka hiyo minne sikumsikia mtu yeyote akimwita kwa jina. Imamu alimwita Mpishi, mwenye duka alimwita Mpishi, na mkewe, kama nilivyokuja kusikia siku moja tu, alimwita Mpishi pia, kwa kuwa wanawake wa rika lake hawatamki jina la mume.

Alikuwa amepika katika hoteli ya watalii, ufukweni, kwa miaka ishirini na sita. Kazi ile ilikuwa imemwandika mwilini. Kucha zake zilikuwa fupi daima. Mchuzi aliuonja kwa kudondosha tone nyuma ya kiganja, hata chai. Na kila aliporudi jioni aliketi barazani, akavua viatu, akatumbukiza miguu katika beseni la maji ya moto yenye chumvi, akakaa mpaka maji yapoe kabisa. Vifundo vya miguu yake vilikuwa vimevimba kama vya mwanamke mja mzito. Sikuwahi kumsikia akivilalamikia. Aliyatazama maji tu, kama mtu anayesoma.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na hakujisumbua kuyapatanisha. Aliswali sala tano, na alifunga Ramadhani hata katika siku ambazo joto la meko ya hoteli lilimtoa jasho tangu asubuhi. Lakini kila asubuhi aliwakaangia wageni nyama ya nguruwe. Hakuwahi kuionja. Aliipika kwa sikio, akisema kwamba mafuta husema yenyewe yanapotosheka. Alikuwa na koleo refu la chuma kwa kazi hiyo, lililofungwa kitambaa chekundu kwenye mpini, na hakuna mpishi mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. "Koleo hili," aliniambia, "linakwenda motoni kwa niaba yangu."

Tena, mtu huyu aliyesifiwa na watu wa nchi ambazo hata mimi sikuweza kuzionyesha kwenye ramani hakupika kwake chochote ila chai, juu ya stovu ya mafuta ya taa iliyokaa kwenye ukumbi wa kuingilia. Maharagwe ya nazi na mkate wa mofa alivinunua kwa jirani, mwanamke wa makamo mwenye ulimi.

"Kinyozi hajinyoi," jirani alimwambia siku moja akimpa mkate.

"Na akijinyoa hujikata. Nipe mkate, mama, usinipe methali."

"Methali nakupa bure. Mkate ndio unaolipa."

Alicheka, lakini alipoingia ndani nilimwona ameushika ule mkate bila kuumega kwa muda mrefu. Niliwahi kumuuliza kwa nini hapiki. Alinionyesha viganja vyake. "Mikono hii ilikuwa na mwenyewe tangu alfajiri mpaka jioni," alisema. "Jioni ilipokuwa yangu, ilikuwa imekwisha choka." Baadaye nilielewa kwamba hilo halikuwa jibu la swali langu bali la swali la mtu mwingine, na kwamba alikuwa amelifanyia mazoezi kwa miaka.

Mtu huyo alikuwa mkewe. Hawakuachana. Mke alikuwa na pumu, na jiko lao la uani lilikuwa kibanda cha makuti kisicho na dirisha, chenye mlango wa kuinamia. Humo alipika kwa kuni na vifuu kwa muda wote wa ndoa yao. Alimwomba mumewe amjengee jiko. Mume alisema mwaka huu, watalii wakipungua; watalii walipopungua alisema mwakani. Mtu aliyewafundisha vijana wa hoteli kwamba moshi jikoni ni aibu ya mpishi alikuwa hajaingia jiko la nyumbani kwake kwa miaka. Asubuhi moja, baada ya wiki ya kukohoa, mke alikunja kanga zake akamwambia maneno ambayo Mpishi alinikariria mara nyingi, bila kuongeza wala kupunguza: "Siondoki kwa hasira, naondoka kwa pumzi. Siku utakayonijengea jiko, nitumie salamu. Nitakuja nilitazame."

Akaenda kwao, Takaungu. Kutoka Malindi mpaka huko si safari ya kumtisha mtu; ukitoka asubuhi unafika kabla ya adhuhuri. Nilipohamia nyumba ile, alikuwa ameshakaa huko miaka tisa.

Kitu kilichokwenda na kurudi kati yao kilikuwa bakuli la buluu lenye kifuniko. Kila Idi Mpishi alilijaza halua, akalifunga kwa kitambaa, akampa jamaa wa Takaungu aliyekuja sokoni. Baada ya wiki mbili au tatu bakuli lilirudi, na kwa kuwa kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, lilirudi na kitu: kashata, achari ya ndimu, mara nyingine ndizi kavu. Hapakuwa na barua. Alikila kile kilichomo kidogo kidogo, kwa siku nyingi, na mara nyingine alinimegea kipande akinitazama usoni ninavyotafuna, kana kwamba ningeweza kumwambia maana yake.

Alipostaafu alipata kiinua mgongo, akaja chumbani kwangu jioni hiyohiyo kabla hajakaa. "Bwana Ramani," alisema, na hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, kwa mzaha wenye heshima ndani yake, "nataka kujenga jiko. Jiko moja tu. Lakini nataka liwe kweli."

Nilichukua karatasi na rula. Yeye alichukua kipande cha mkaa, akatoka uani, akaanza kuchora jiko kwenye sakafu kwa ukubwa wake kamili. Kwa wiki nzima, baada ya sala ya alasiri, tuliishi ndani ya mistari ile. Alichora mlango, meko, mahali pa mtungi, mahali pa mbuzi ya kukunia nazi. Kisha alileta kibao cha kukalia, akaketi katikati, mtu mrefu mwenye mvi, magoti yakiwa karibu na masikio, akakuna nazi isiyokuwepo. Akanyoosha mkono wa kuume kutafuta chumvi. "Mbali," akasema, akafuta mstari, akausogeza. Akageuka kama anayechota maji. "Mwenye jiko atanipiga kwa kata. Mtungi uje huku."

Siku moja nilikatiza uani kwenda kuoga. Akainua mkono kunizuia.

"Unapita wapi?"

"Bafuni, ami."

"Hapo ni ukutani. Mlango uko kule."

Nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa mkaa. Jirani wa mofa aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta wa kweli alisema, "Na ubishe hodi." Mpishi hakucheka. Alisubiri kweli nibishe hodi, kisha akaitikia, "Karibu."

Kuhusu mapambo ya ndani alikuwa na msimamo kwa kila jambo. Sakafu iwe ya saruji nyekundu, ipigwe niru mpaka ing'ae, isipokuwa mbele ya meko, ambako iachwe na ukwaru kidogo, kwa sababu tui likimwagika juu ya sakafu laini humwangusha mtu. Dirisha liwe la mbao, lenye mabawa mawili, wala si la vioo vya kukunja kama nilivyopendekeza. Vioo, alisema, hunasa mafuta na kumfanya mwanamke awe mtumwa wa kitambaa. Boriti ya katikati iwe na kulabu ya kuning'inizia susu, kile kikapu cha kuwekea chakula. Ukutani alitaka vigae vyeupe toka chini hadi juu, kama vya hotelini. Hapo nilishangaa, maana vitu vingine vyote vilikuwa vya kwetu. "Ukuta mweupe husema ukweli," alijibu. "Ukishika masizi utayaona siku hiyohiyo. Hautangoja miaka tisa." Na juu ya yote alitaka dohani ya kutolea moshi. Dohani hiyo nilimchorea kwa elimu yangu yote. Ninaweza kusema kwa unyofu kwamba ilikuwa nzuri, na kwamba moto ulipowashwa moshi ulipanda kama ulioitwa kwa jina.

Vipimo ndivyo vilivyotugawa. Aliandika barua Takaungu, ya kwanza katika miaka yote ile, akimwomba mkewe vipimo. Jibu lilikuja ndani ya bakuli la buluu: kamba nyembamba ya makumbi ya nazi yenye mafundo manne. Hapakuwa na neno lililoandikwa, lakini Mpishi aliisoma kamba mara moja. Aliiteremsha kamba hadi ncha yake ikagusa sakafu, akahesabu kutoka chini. Fundo la kwanza lilikuwa kiwiko cha mwanamke aliyeketi juu ya kibao: hapo ndipo penye kimo cha meza ya saruji na cha meko. La pili lilikuwa macho yake akiwa ameketi hivyohivyo: kizingiti cha dirisha kikae chini ya hapo, aone nje. La tatu lilikuwa mkono wake ulionyooshwa juu akiwa bado ameketi, mwisho wa rafu. La nne lilikuwa kimo chake akisimama, nalo lilikuwa la mlango, asiiname tena.

Nililala na kamba ile mezani kwangu, na asubuhi nilikuwa na ghadhabu. Ninaomba msomaji anielewe: nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na niliamini, kama ninavyoamini bado, kwamba wanawake wa pwani yetu wameinamishwa mno. Chuoni tulifundishwa kimo cha meza ya jikoni: sentimita tisini, mpishi asimame wima, mgongo usiumie. Fundo la kwanza halikufika hata sentimita arobaini. Nilimwendea Mpishi barazani, miguu yake ikiwa ndani ya beseni.

"Ami, meza hii ni ya mtu au ya mtoto?"

"Ya mtu aliyeketi."

"Kwa nini aketi chini? Huko chuoni tumefundishwa—"

"Huko chuoni nani alikuwa akipika?"

"Wapishi."

"Wamesimama?"

"Wamesimama."

"Basi nenda ukaiulize miguu yao." Akaitoa yake majini, akaipangusa mmoja mmoja. "Kusimama si heshima, Bwana Ramani. Ni kazi. Kipimo chako umekitoa kitabuni. Hiki kimetoka kiwikoni." Kisha akanitazama. "Nakwenda Mombasa kutibiwa macho, na fundi anaanza kumwaga saruji nikiwa huko. Kamba nakuachia wewe. Niahidi hutagusa fundo hata moja."

"Inshallah, ami."

"Inshallah ya kweli, au ya kuniondoa hapa?"

"Ya kweli. Nakuahidi."

Alikaa Mombasa siku kumi na mbili. Siku ya nne niliibadilisha ramani. Sikufanya hivyo kwa uzembe, na hilo ndilo linalonitisha ninapolikumbuka: nilifanya kwa moyo safi. Nilijiambia kwamba mwanamke yule hakuwahi kuona jiko la kusimama, na kwamba mtu hawezi kuchagua asichokijua. Nilijiambia kwamba akishaingia na kusimama wima mbele ya meza yake, atashukuru. Nilipandisha meza na meko hadi sentimita tisini. Kwa kuwa dirisha lilikuwa juu ya meza, kizingiti chake kilibidi kipande pia. Rafu nazo zikapanda. Ni mlango tu uliobaki kwenye fundo lake.

Fundi, mtu wa Kakuyuni mwenye maneno machache, aliitazama karatasi mpya, kisha akaweka kiganja chini ya goti lake. "Mzee alinionyesha hapa."

"Ramani ndiyo hii."

"Haya. Mimi nafuata karatasi." Akachota saruji kwa mwiko, akatulia. "Ila nyanyangu angepika humu, tungemjengea na ngazi."

Mpishi alirudi Jumatatu, jicho moja limefungwa bandeji. Alikwenda moja kwa moja uani, akaingia kwa mlango. Aliipapasa meza kwa kiganja toka mwisho hadi mwisho, taratibu, kama anayepapasa mnyama asiyemjua. Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya meza bila yeye kuinama hata kidogo. Nadhani hapo ndipo alipojua, kwa mkono, kabla ya lile jicho moja.

"Imekwisha kauka?" alimuuliza fundi.

"Imekauka, mzee."

"Kuivunja na kuimwaga upya ni siku ngapi?"

"Wiki. Na vigae vitavunjika."

Alitikisa kichwa. "Salamu nimekwisha zituma kutoka Mombasa. Anakuja Alhamisi." Hakunitazama, hakuniuliza. Alikwenda dukani akanunua kibao kipya cha kukalia, akakiweka jikoni chini ya dirisha.

Alhamisi mke alikuja na nduguye mdogo wa kiume, ambaye alibeba bakuli la buluu. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, ndani ya buibui jeusi, anayevuta pumzi kwa uangalifu kama mtu anayechota maji kwa kijiko. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba. Mpishi alisema, "Huyu ni mpangaji wangu," na hakusema zaidi. Alikuwa amevaa kanzu mpya, na mikono yake, ambayo nilikuwa nimeiona ikibeba sufuria za moto bila kitambaa, haikujua pa kukaa.

Mke aliingia jikoni peke yake. Sisi tulisimama mlangoni. Moto ulikuwa umewashwa mekoni, na hapakuwa na moshi. Alilitazama hilo kwanza, akainua uso kuifuata dohani, na uso wake ukafunguka hata nikamwona alivyokuwa kijana. Kisha akaisogelea meza. Ilimfika chini kidogo ya kifua. Aliweka kiwiko juu yake, na ili kukiweka ilimbidi ainue bega.

"Hapa husimama nani?" aliuliza.

"Wewe," alisema Mpishi.

"Mimi."

Alikiona kibao, akaketi chini ya dirisha, akainua macho. Tulisikia pumzi zake. "Naona mnazi," akasema. Kisha, baada ya kutazama tena, "Kichwa chake."

Nilifungua kinywa. "Mama, tafadhali, jambo hili—"

"Kamletee mgeni maji," Mpishi alinikata, kwa sauti ya jikoni ambayo vijana wa hoteli bila shaka waliijua. Nikaenda. Niliporudi na gilasi, mke alikuwa amesimama, akipitisha kidole juu ya kigae cheupe.

"Jiko safi, Mpishi," alikuwa akisema, bila ukali wowote. "Halina moshi, Mungu akulipe. Miaka yote nilijiuliza hilo jiko la hoteli lililokuweka likoje. Leo umelileta nyumbani, nimeliona."

Alikunywa maji. Aliketi kidogo kwenye mkeka ukumbini, akawauliza majirani hali zao, akafungua bakuli na kutugawia kaimati alizozipika mwenyewe. Kabla ya alasiri alikuwa ameondoka na nduguye. Bakuli aliliacha.

Walipoondoka nilimfuata Mpishi uani. Nilimwambia kwamba nitapanda basi asubuhi, nimfuate, nimweleze kwamba kosa ni langu peke yangu.

"Utamweleza nini?" aliuliza. "Kwamba alinitumia mwili wake kwenye kamba, nami nikampa kijana aichezee? Afadhali aone nilikosea kupima kuliko aone sikushika alichonipa."

"Lakini hukukosea, ami. Ni mimi."

"Kamba nilikupa mimi." Alikuwa akitazama sakafu ndani ya jiko, mahali palipokuwa na mistari ya mkaa. "Niahidi hutakwenda Takaungu."

"Ami—"

"Na usiniambie inshallah."

Nikamwahidi.

Idi iliyofuata alilijaza bakuli halua, akalifunga, akalituma. Lilirudi baada ya wiki tatu. Nilikuwa barazani alipolipokea. Alilifungua kitambaa, akainua kifuniko, akakirudisha. Baadaye, alipokwenda kuswali, nami nililifungua. Lilikuwa limeoshwa vizuri, likapanguswa. Halikuwa na kitu.

Miezi michache baadaye nilihamishiwa Voi kikazi. Ninakiri kwamba nilifurahi. Huko nimechora majiko mengi, na kila mara mkono wangu unapofika kwenye kimo cha meza, kalamu husimama.

Mwaka huu nilipata likizo nikarudi Malindi. Nilibisha hodi Shella adhuhuri. Sauti iliniitikia kutoka uani. Nilipita ukumbini, stovu haikuwapo tena mahali pake. Nikazunguka uani kama nilivyofundishwa, nikasimama kwenye mlango wa jiko.

Alikuwa ameketi sakafuni, juu ya kibao kilekile, amevaa miwani minene, akikuna nazi. Meza yangu haikuwapo. Aliivunja mwenyewe kwa nyundo na patasi, kidogo kidogo, kwa muda wa miezi saba, asimwite fundi, kisha akamwaga nyingine chini. Meko nayo ilikuwa imeshushwa. Dirisha alilitoboa kuelekea chini, na palipokuwa na meza ya zamani vigae vilikuwa vimevunjika katika mstari mmoja kuzunguka ukuta, kama alama ya maji yaliyojaa yakapungua. Kando ya mlango, kwenye msumari, ilining'inia ile kamba.

"Karibu, Bwana Ramani. Keti. Humu hakisimami kitu ila mlango."

Niliketi sakafuni. Alinipikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, akigeuka bila kunyanyuka: chumvi kuume, maji kushoto, kata ikienda na kurudi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kula chakula cha mkono wake. Alikila nami, lakini alikuwa ameandaa sahani tatu, na ya tatu aliipakua kamili, akaifunika kwa kawa, akaiweka juu ya meza ya chini. Alisema mwenyewe kwamba ni ya jirani, na kwamba mtoto wake huja kuichukua, mara nyingine. Mara nyingine haji.

"Magoti yananiuma," alisema, "lakini nimejua jambo. Ukiketi hapa unawaona wapitao kichochoro cha nyuma, kuanzia miguu hadi uso. Jirani na mikate yake, watoto wa chuo cha Kurani, muuza maji. Wanakusalimu nawe unapika. Yeye hakutaka meza, Bwana Ramani. Alitaka watu." Akaiweka kawa sawa. "Kule kibandani alikuwa na moshi tu wa kuzungumza naye. Nami nilikuwa na watu mia wa kuwapikia."

"Umemtumia salamu, ami? Anajua kwamba limeshushwa?"

"Salamu ya jiko hutumwa mara moja. Ya pili ni kusumbua."

"Na bakuli?"

Alinyoosha kidole. Lilikuwa juu ya rafu, kwenye fundo la tatu, pale ambapo mkono wa mwanamke mdogo aliyeketi ungelifikia. Idi mbili zilikuwa zimepita bila kulituma. "Likirudi tupu tena," alisema, "sitakuwa na nguvu ya kulifungua."

Nilipoondoka alinisindikiza hadi mlango wa mbele, akasimama hapo kwa miguu yake iliyovimba, akanikumbusha kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekumbusha kufunga dirisha: "Ahadi yangu unayo." Nikasema ninayo.

Ninayo hadi sasa. Sijakwenda Takaungu na sitakwenda. Nimelipima jambo hili kwa muda mrefu, na ninajua kwamba ninachokiomba hapa kinapakana na kuvunja ahadi kwa mara ya pili. Ikiwa ni kosa, naliandika juu yangu, ndiyo maana sikumtaja mtu kwa jina. Lakini yeye hana tena miaka mingine tisa, na mke naye anavuta pumzi kwa kijiko.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Ukipita Takaungu, ulizia nyumba ya mke wa Mpishi wa Malindi, watakuonyesha. Msalimu, keti, usiharakishe. Mwambie kwamba meza aliyoiona siku ile niliiinua mimi, mpangaji, na si mumewe. Mwambie imevunjwa, nyingine iko kwenye fundo la kwanza, na dirisha liko chini ya la pili. Kisha mwombe aje alitazame.